Kitabu cha Josho Hakikuliwa na Mchwa

Mwanangu Yunisi,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, na najua ukifika kwake hutatoka mapema, kwa hiyo nimekaa hapa kibarazani kwenye kigoda nikuandikie. Nimechana karatasi za katikati kwenye daftari lako la zamani la jiografia, zile ambazo hukuziandika. Wakati nazichana mkono ulikuwa mzito, na ukisoma mbele utajua kwa nini. Upepo wa leo hautaki niandike. Nimeweka jiwe juu ya karatasi. Nikimaliza mistari miwili nalisogeza jiwe, nikimaliza mingine nalisogeza tena.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango, ya kutoazima watu nguo zako, hayo nimeyasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Siyaandiki. Kuna jambo moja sijakwambia kwa miaka yote hii, na kesho saa kumi na mbili asubuhi basi la Dodoma linapita. Najijua. Pale kituoni nitakuwa nashika mabegi, nakurekebisha kola, nauliza umeshika tiketi, na sitasema. Kwenye simu ndiyo kabisa. Simu inanifanya niseme sisi wazima, kazi njema, halafu nakata.

Jambo lenyewe ni hili. Kitabu cha josho hakikuliwa na mchwa. Nilikichana mimi.

Nimeinuka, nimefukuza kuku kwenye karanga za mbegu, nimerudi. Maneno bado yapo pale nilipoyaacha. Basi niendelee.

Wewe umekua na habari ya mchwa. Ile siku ulipokuwa unajaza fomu ya chuo, palipoulizwa kwa nini umechagua masomo ya utunzaji wa kumbukumbu, ulinisomea kwa sauti ulichoandika: kwa sababu kumbukumbu za babu yangu ziliharibiwa na mchwa na familia yetu ikapoteza shamba. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nikausonga, nikausonga, mpaka baba yako alipokaa kula akauliza huu ni wa kula au wa kujengea. Mlicheka wote. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba mwanangu amechagua maisha yake yote juu ya uongo wangu.

Nilipoolewa hapa nilikuwa na darasa la saba na mimba yako ya miezi minne. Baba yako alikuwa anafyatua matofali, mimi nikaanza kuuza karanga za kukaanga pale Iguguno mabasi yanaposimama. Karanga zilikuwa tamu, hilo hata wenzangu walikubali. Tatizo lilikuwa karatasi. Wakati ule tulifungia kwenye karatasi, unaisokota iwe kama pembe, unajaza, unakunja juu. Magazeti yalikuwa ya kugombania, na daftari za shule zilikuwa nyepesi, mafuta yakipita kidogo tu zinapasuka mkononi mwa abiria, naye anakutukana basi likiwa linaondoka.

Babu yako alikuwa ameenda Issuna kwa baba yako mdogo, akakaa huko msimu mzima. Nikawa nasafisha chumba chake. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku, kitabu kikubwa chenye jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu. Karatasi zake nene, nzuri, hazipitishi mafuta. Nilikifungua. Kila ukurasa ulikuwa na majina, na mbele ya jina mahali mtu anapokaa, na idadi ya ng'ombe, na pengine neno dogo pembeni: ndama mgonjwa, dume jipya, hakuja. Nilijua ni cha nini. Josho lilikuwa kule mbugani, birika refu la saruji lenye dawa, wazee walipitisha ng'ombe humo kila wiki kuua kupe, na babu yako alipokuwa kijana ndiye aliyekuwa karani wake. Josho lilipokufa aliondoka na kitabu.

Nilianza na karatasi za mwisho, zile tupu. Nakwambia ili ujue kwamba nilijua. Mtu asiyejua haanzi na karatasi tupu. Zilipoisha nikakaa siku mbili bila kuuza, halafu nikajiambia neno ambalo mpaka leo nalisikia: ng'ombe wenyewe walishaliwa, kitabu chao cha nini. Nikachana ya kwanza yenye majina. Ya pili haikunisumbua. Baada ya hapo nilikuwa nachana kama mtu anavyochuma mboga.

Wiki sita, pengine saba. Abiria walikuwa wanakula karanga na kutupa karatasi dirishani. Majina ya wazee wa bonde hili lote yalitupwa kwenye barabara ya Singida, moja moja, na mimi nilikuwa nashukuru Mungu kwamba biashara imenyooka. Babu yako aliporudi, sanduku lilikuwa mahali pake, jalada ndani, na karatasi chache za mwanzo zisizo na kitu isipokuwa mistari na vichwa vya habari. Hakufungua. Hakuwa na sababu ya kufungua. Wewe ukazaliwa, tukasahau, au mimi nikasahau.

Ulikuwa na miaka kumi wapimaji walipokuja kijijini. Hiyo unaikumbuka, maana sanduku ulilibeba wewe.

Mzee Jumanne, tunayepakana naye shamba, alisimama pale barazani akasema shamba la mbugani ni la baba yake lote, mpaka kwenye miamba, na kwamba sisi tuliletwa huku watu walipohamishiwa vijijini, kabla ya hapo Kitundu hakuwa na hata shina la mtama pale. Kitundu ndiye baba yake babu yako. Babu yako hakukasirika. Alitabasamu, akasema ninacho kitabu, jina la baba yangu limo, na alipokuwa anakaa pameandikwa, kwa mkono wangu mwenyewe, zamani sana kabla ya hayo ya kuhamishwa. Akakutuma.

Ulikuwa unakimbia, sanduku kichwani, viatu mkononi. Nilikuona unakuja na nikatamani uanguke. Mwanangu, nilitamani uanguke sanduku lipotee hata sijui wapi.

Alifungua mbele ya watu. Akanyanyua jalada, na lilikuwa jepesi, akaliinamisha hivi kama anayetafuta kilichomwagika. Mimi ndiye niliyesema, kutoka nyuma walikokaa wanawake: "Mchwa hao, baba. Nyumba ile ina mchwa." Nilisema haraka kuliko nilivyofikiri.

Hakunigeukia. Alipitisha kidole gumba kwenye mgongo wa kitabu, pale karatasi zilipokuwa zimeshonwa. Wewe umeona kazi ya mchwa. Wanaacha udongo, wanaacha njia zilizopinda, hawaanzii ndani na kuacha jalada zima. Pale palikuwa na masalia ya karatasi zilizochanwa kwa mkono, zimenyooka, moja baada ya nyingine. Kidole chake kilitembea juu mpaka chini. Mtu yule alikuwa karani. Alijua.

Akafunga. Akasema: "Ni mchwa, mwenyekiti. Kosa langu. Sanduku niliweka chini."

Mzee Jumanne akasema leo mchwa wamekula kitabu, kesho tutaambiwa panya wamekula shamba. Baraza zima likacheka. Babu yako naye akacheka kidogo, kwa heshima, na hicho kicheko chake ndicho kinachoniamsha.

Walimega. Upande wa chini wenye udongo mweusi, mpaka lilipokuwa josho, ukaenda kwa Jumanne. Sisi tukabaki na kipande cha juu chenye changarawe, hicho hicho ambacho umekipalilia kila likizo ukiuliza kwa nini alizeti zetu ni fupi.

Nilisubiri aniite. Wiki ya kwanza kila aliposema "mkwe" nilikuwa namwaga kitu. Hakuniita. Ilipita miaka mingi, mimi nimeshahamia kwenye mifuko ya nailoni kama watu wote, siku moja nakaanga yeye yuko jikoni anaota moto. Akaangalia ndoo yangu. Akasema, "Siku hizi hufungii kwenye karatasi." Nikasema ndiyo, baba. Akakaa. Akachukua karanga moja, akaipuliza ganda.

"Afadhali," akasema.

Hilo tu. Hatukulirudia mpaka alipokufa.

Ngoja. Baba yako amepita hapa na kamba, anataka kujua gunia lako la unga lifungwe vipi. Nimemwambia anifunge hata na mimi humo ndani. Hakucheka sana. Nitakwambia kwa nini.

Kilichonitoa kwenye kukaa kimya kilikuwa msiba wenyewe. Katibu wa usharika alikuja kuandika wasifu wa marehemu, akauliza: alizaliwa na nani? Tukasema Kitundu. Na mama yake? Watu wakatazamana. Nyumba nzima ya watu wazima, watoto wake, wajukuu wake, hakuna aliyejua jina la mama yake. Katibu akaandika "na mama ambaye ni marehemu". Nilitoka nje nikajifanya naangalia moto. Nilifikiri, huyu mtu alinifunika mbele ya kijiji kizima, na mimi sijui hata alizaliwa na nani.

Basi nikaanza. Baba yako alidhani ni huzuni, itapita. Nilikuwa nakwenda siku za katikati ya juma ambazo sina gulio, na kila nilikokwenda nilikosea kwanza. Nataka ujue nilivyokosea, maana huko chuoni watakufundisha namna ya kupanga mafaili, lakini sijui kama watakufundisha namna mtu kama mimi anavyoyatafuta.

Kosa la kwanza, nilikwenda kanisa la zamani la misheni huko Iramba nikaomba kuonyeshwa Kitundu. Yule dada wa ofisini alitafuta kwa moyo wote. Hakuna. Nikarudi nyumbani, nauli imekwenda, nimevunjika. Ilinichukua miezi mitatu kukumbuka kwamba Kitundu hakubatizwa, angekuwaje kwenye kitabu cha ubatizo? Aliyebatizwa ni mwanawe. Nikarudi nikaomba Yona, babu yako, mtoto. Alikuwepo. Wino umekuwa wa kahawia. Yona, mama yake Maria, baba yake Kitundu, na mbele ya Kitundu wameandika: mpagani, mkulima, mbugani karibu na josho.

Maria. Nilimwomba dada anisomee tena. Halafu nikamwomba nisome mwenyewe, nikaweka kidole chini ya jina bila kuligusa. Na hilo neno "mpagani" liliniuma kama ameandikiwa baba yangu, lakini nikafikiri, aliyeandika ameandika pia na mahali. Bila neno lile lisingekuwepo la pili.

Hapo nikaanza kuelewa kitu. Mkulima haandikwi kwa sababu analima, Yunisi. Kulima hakumshtui mtu. Anaandikwa akiwa na ng'ombe anayetakiwa josho, akipeleka mtoto shule au kubatizwa, akilazwa, akipewa chakula cha njaa, akigombana. Ukitafuta jina lake humwoni. Tafuta kitu chake, au shida yake, naye anatokea pembeni, amesimama nyuma ya ng'ombe.

Nilipeleka habari ya Maria kwa mwenyekiti. Mzee Jumanne akasema karibu na josho ni wapi, mashariki au magharibi? Karibu na josho hata mimi nilikuwa nachunga mbuzi. Na alikuwa na haki kuuliza. Mwenyekiti akasema wapimaji wanarudi mwakani kabla ya masika, mipaka yote yenye ugomvi itasikilizwa tena kabla hawajasimika mawe, na mwenye karatasi inayoonyesha upande ailete. Baada ya mawe hakuna tena.

Basi nikafanya jambo ambalo baba yako alinikataza. Nilikwenda kwa Bibi Zena, mama yake Mzee Jumanne. Nilimkuta uani juu ya mkeka, anachambua mbegu za maboga. Nikapiga goti, nikasema shikamoo, bibi. Akaitikia marahaba, akaangalia kikapu changu.

"Karanga hizo ni za kula au za kunichota maneno?"

"Za kula, bibi. Kama meno yapo."

"Mawili. Na hayaelewani."

Tulikaa. Nilimtwangia zile karanga kwenye kinu chake, akawa anazilamba kiganjani. Sikuuliza kuhusu shamba. Nilimuuliza kama alimjua mwanamke anaitwa Maria wa Kitundu. Akafuta kiganja kwenye mkeka, akaniambia Maria ndiye aliyemfundisha kufuma vikapu, na kwamba walikuwa marafiki mpaka mwaka wa ng'ombe.

Mwaka gani huo, nikauliza.

Akaniambia dume la Kitundu, jekundu, lilivunja zizi likaingia kwenye uwele wa mume wake, likala usiku kucha. Mume wake akamshitaki Kitundu. Walikwenda wote, baraza likakaa pale pale mbugani, karani wa baraza anaandika kwenye kitabu kikubwa juu ya goti. Wakapima alipoingilia ng'ombe. "Mpaka ulikuwa korongo," akasema. "Sisi upande wa machweo, nyie upande wa macheo. Na josho katikati, la wote. Karani aliandika, nilimwona akiandika."

Nikasema, mbona mzee Jumanne hajui?

"Jumanne alikuwa mgongoni kwangu, amelala. Atajuaje?"

"Na siku ile ya baraza, bibi, mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa naye nyuma siku ile, hatua tatu, na nilichofungulia mdomo ni mchwa. Alinishika mkono akasema ananionea huruma, lakini nisimwite shahidi. Hawezi kusimama mbele ya watu akamkanusha mwanawe wa kumzaa. "Lakini kitabu kikisema," akaniambia, "mimi sitakikanusha kitabu." Nikamwelewa kabisa. Nilikuwa nimekaa kimya miaka mingapi mbele ya mtoto wangu mimi?

Nikaenda kutafuta kitabu cha ile kesi. Kuna ofisi moja, sitaitaja, ambako niliambiwa vitabu vya mabaraza ya zamani viliwahi kuwekwa. Nilikuta kijana amekaa na simu, waya masikioni. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nilianza na ng'ombe. Akatoa waya wa sikio moja, akasema: "Mama, ya zamani yote yameliwa na mchwa."

Nilikaa kwenye benchi nje kama saa nzima. Watu walidhani naumwa. Mwanangu, mimi ndiye mtu pekee wilaya nzima ambaye alijua kwa uhakika neno lile linavyotengenezwa. Nilijua hakuinuka. Nilijua hajafungua hata mlango. Linatoka mdomoni jepesi, na mtu anayeambiwa anakwenda nyumbani akajilaumu kwa kuweka sanduku chini.

Nilirudi mara ya pili, yale yale. Mara ya tatu sikwenda dirishani. Nilikaa na mama anayefagia, tukala karanga, nikamweleza habari ya dume jekundu kwa sababu ilikuwa inachekesha. Akasema vitabu vikubwa vyenye mgongo mwekundu? Hivyo havikuliwa na kitu, vilipakiwa kwenye gari kupelekwa Dodoma kutunzwa, yeye mwenyewe alivipangusa vumbi kimoja kimoja, alikohoa wiki nzima.

Dodoma. Unapokwenda kesho.

Nimeandika mstari huo halafu nimezunguka nyumba mara mbili. Sikutaka barua hii iwe ya kukutuma. Ndiyo maana nimehangaika nayo tangu asubuhi, nikiisema kichwani, nikiifuta. Unakwenda kusoma, uwe na marafiki, ujue mji, uwe na miaka yako kumi na tisa, ambayo mimi yangu niliimalizia kwenye moshi wa karanga. Shamba si mzigo wako. Lakini ningekuficha na hili ningekuwa nimechana karatasi nyingine.

Asubuhi hii nilimwambia baba yako. Alikuwa ananoa jembe. Nilisema yote kwa mara moja, nimesimama, maana ningekaa ningenyamaza. Alinoa, alinoa. Halafu akauliza, "Baba alijua?" Nikasema alijua, siku ile ile, pale pale. Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Basi mimi niseme nini," akasema, akachukua jembe akaenda shambani, na ardhi yenyewe kavu haichimbiki. Amerudi mchana, amekula, amesema chumvi imezidi. Nimeshukuru kwa chumvi ile. Mtu anayetaka kukuacha hasemi chumvi imezidi.

Sasa kuna kitu nimekuwekea kwenye begi, kwenye bahasha ya vyeti vyako, kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne. Ni ukurasa mmoja wa kitabu cha josho. Niliukuta mwaka ule wa msiba, umekunjwa chini ya ndoo ya zamani ya karanga, nilikuwa nimeutandika kuzuia kutu. Una mafuta, ukiushika juani unaona mpaka vidole vyako upande wa pili. Majina yanasomeka. Ni mwandiko wa babu yako akiwa kijana, herufi zimesimama wima kama watoto mstarini.

Kitundu hayumo. Nilitafuta mbele na nyuma. Ni majina sita, yote ya watu wengine.

Siku nilipoukuta nililia kwa hilo, kwamba hata huo mmoja si wa kwetu. Baadaye ikanijia kwamba hakuna ukurasa uliokuwa wa kwetu. Nilifungia karanga babu za watu. Basi nikayashika yale majina sita kichwani, nikawa nauliza kwenye magulio. Wanne nimeshapata watu wao. Mmoja anatengeneza baiskeli hapo Iguguno. Nilimwambia babu yake alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na dume jipya, limeandikwa. Aliweka spana chini, akakaa juu ya tairi. Akasema, "Sisi tumekua tukiambiwa hakuwa na kitu." Akaniomba nirudie. Nilirudia mara tatu, na mara ya tatu wateja wake nao walikuwa wanasikiliza. Nikamwambia pia kwamba ni mimi niliyechana zilizobaki. Alinitazama, akasema, "Mama, na wewe." Halafu akakataa niondoke bila chai.

Wawili bado. Ukipata watu wa mji wenye majina hayo, waulize kwao ni wapi.

Na kitabu cha ile kesi, ukipata njia ya kukifikia, kisome chote. Usisome mpaka unapopenda tu. Kikisema korongo, niandikie korongo. Kikisema Kitundu alikuwa mgeni aliyeomba kulima, niandikie hivyo hivyo, na mimi nitakipeleka kwa mwenyekiti kwa mikono yangu, Mzee Jumanne asikie. Nataka tuwe na shamba lile, sitakudanganya, kila nikipita na kuona mtama wao mweusi wa afya moyo unaruka. Lakini nataka zaidi lile jalada lipate kitu ndani.

Nasikia sauti yako kule kwa jirani, unacheka na mtu. Nimebakiwa na nafasi ndogo, na upepo umechoka kabla yangu.

Utamaliza chuo. Watakupa meza, labda na dirisha. Siku moja atakuja mama amefunga kitenge, amekosea jengo mara mbili, hajui fomu inaitwaje. Ataanza na ng'ombe. Atachelewa kufika kwenye jina, na nyuma yake kutakuwa na foleni, na wewe utakuwa na njaa. Lile neno litakuja mdomoni lenyewe, jepesi, tayari. Usimwambie mchwa, mwanangu. Mwambie, keti mama, ngoja nikaangalie. Halafu uinuke kweli.

Ni mimi mama yako, niliyekichana.